Betri ya Shemeji

Ghati alikuwa na betri mbili kiganjani, zote za kijani. Ile nzito ilitengenezwa kuhimili sigara ya umeme. Ile nyepesi aliitoa kwenye tochi mbovu, akaivalisha plastiki mpya mwenyewe. Ukivuta kidogo itavumilia. Ukivuta kwa pupa itapasuka.

"Fanya haraka, mwanamke wewe!" alifoka shemeji yake, aliyemfukuza juzi kwenye shamba la marehemu mumewe kule Itiryo. "Na hili duka nalo ni la kaka yangu. Utatoka."

Ghati akachomeka ile nyepesi kwenye sigara ya umeme ya shemeji, akakaza kifuniko, akamsogezea.

Shemeji hakupokea. Alimkazia macho, kama mgeni anayengoja mwenye pombe anywe kwanza ndipo naye ashike kata.

"Unanijua, nakujua," alisema. "Onja."

Chuma kilikuwa kimeanza kupata joto vidoleni mwa Ghati.

Alikuwa hajawahi kuvuta kitu maishani. Aliipeleka sigara mdomoni, akavuta kidogo mno, akampulizia moshi usoni.

"Haya, shemeji," alisema, akimkabidhi sigara na kurudi nyuma hatua mbili. "Mimi nimevuta kama mwanamke."