Jina la Mpichi wa Nyuma ya Jiko

Bwana shamba alilimega pichi la pili, akaandika: ganda jeupe lisilo na manyoya, nyama nyekundu hadi kwenye kokwa, tamu kupita kiasi. Miaka ishirini kazini hakuwahi kuona pichi la namna hiyo.

“Mama, mti huu aliupanda nani?”

“Umejiotea tu,” Tunsume alijibu, huku akijua fika kwamba anadanganya. Aliyefukia kokwa ya mti huo nyuma ya jiko lake ni baba mkwe, marehemu sasa. Kwa mila yao, mke wa mtoto hatazamani na baba mkwe, wala halitamki jina lake. Miaka thelathini waliishi ua mmoja bila kuonana uso; wakikutana kijiani, Tunsume alijifunika khanga na kumpisha. Lakini kila msimu, mzee aliacha pichi moja bivu kizingitini, akakohoa, akaenda zake, ili mkwe atoke kulichukua.

“Basi tutaliita Pichi la Tunsume,” alisema bwana shamba.

“Hapana, mwanangu! Litanikaba koo. Lina mwenyewe.”

“Anaitwa nani?”

Tunsume alifungua kinywa, ulimi ukagoma. Akanyakua kalamu na daftari la bwana shamba, akaandika polepole, herufi moja moja, akamrudishia daftari.

“Mwaisumbe!” bwana shamba alisoma kwa sauti kubwa.

Tunsume akavuta khanga usoni, akasogea upesi kando ya kijia, akageukia ukuta, akasubiri mzee apite.