Matusi Arobaini na Moja

Kikaguzi kiliukataa tena mstari wa Hafidhi. Safari hii kilitaka kila tusi liwekewe mfano wa matumizi.

Hafidhi alijishika kichwa. Ofisi yao, ghorofa ya nne mtaa wa Narung'ombe, iliendesha huduma ya ujumbe kwa wafanyabiashara wa Kariakoo: mmoja akiandika bei zake, simu elfu sita zinapokea. Lakini siku hizi watu walikuwa wanaporomosheana matusi humo, na bosi, dada Clotilda, alimpa Hafidhi kazi ya kuyazuia. Akatunga mstari mmoja mrefu wa maneno na alama, ambao kompyuta ingeutumia kulitambua kila tusi na kulitupa. Kabla ya kukubaliwa, mstari ulipita kwenye kikaguzi, programu isiyoangalia kitu kingine ila unadhifu wa mwandiko.

Tabu ni kwamba Hafidhi mwenyewe hakuwa na tusi hata moja. Kwao ukitamka "mjinga" ulikula fimbo. Mama yake, Bi Zamzam, aliuza kanga mtaa wa Kongo, Kariakoo hiyo hiyo, naye alikuwa mmoja wa wapokeaji wa huduma, na jioni alifundisha watoto Kurani. Matusi Hafidhi alikwenda kuyaokota Feri, kwa wakaanga samaki, ambao walimgawia arobaini na moja kwa mchana mmoja, tena kwa bashasha.

Mama alipoliona nyumbani daftari alimoyaandika, alisoma mstari wa kwanza akalifunga pu.

"Astaghfirullah! Hafidhi, haya ndiyo niliyokusomeshea?"

"Ni kazi, mama."

"Kazi gani hiyo? Usiniingizie uchafu ndani."

Daftari likahamia ofisini.

Kikaguzi kilisema mabano yamezidi, akayapunguza. Kikasema maneno hayakufuata alfabeti, akayapanga. Kikasema alama mbili za mwanzo hazina kazi, akazifuta. Sasa ikabaki mifano.

"Dada, hebu ona neno hili. Nitalitungia sentensi gani mimi?"

"Kikaguzi hakijali unasema nini," Clotilda alimjibu. "Kinajali umelisemaje. Saa sita mstari unaanza kazi. Andika."

Akaandika, masikio yanawaka moto, sentensi arobaini na moja zenye koma na nukta zake. Kikaguzi kikawasha kijani: hakuna kasoro. Jambo hilo halikuwahi kumtokea mtu pale ofisini. Clotilda alimpigia makofi.

"Tuujaribu," alisema Heriel wa meza ya jirani. Akaichukua ile mifano yote, akaituma kwenye huduma yenyewe, aone inavyozuiwa.

Haikuzuiwa hata mmoja. Zile alama mbili zisizo na kazi ndizo zilizokuwa zikifanya kazi yote.

Chini barabarani simu zikaanza kulia, moja, kumi, mtaa mzima. Wauzaji waliokuwa wakinadi bei wakakatisha maneno midomoni. Kwa dakika nzima Kariakoo ilinyamaza, inasoma.

Clotilda alikaa taratibu kwenye kiti. "Hafidhi," alisema, "kusanya vitu vyako."

Hafidhi hakuwa anawaza kazi. Alikuwa anamwona mama yake nyuma ya rundo la kanga, miwani puani, simu mkononi, anapitia sentensi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alijua ataziona zote. Mama hakuwa mtu wa kuacha kitu njiani. Alitamani sakafu ipasuke.

Jibu la kwanza likaingia. Heriel alilifungua bila kujua namba ile ni ya nani. Hafidhi aliijua kwa moyo tangu darasa la kwanza.

"Soma tu," alisema, akafumba macho.

Heriel akasoma: "La saba mmelikosea. Halianzii kwa mama mtu, linaanzia kwa bibi. Na la ishirini, msonyo unatangulia."