Maziwa ya Wanu

Daktari alibonyeza tumbo la Wanu, mke mwenzangu, akatazama tena karatasi za vipimo. "Si mimba. Ni kifua kikuu cha matumbo. Atatumia dawa miezi mingi."

Na mimi miezi mitatu nimelionea wivu tumbo lile! Kwa ajili yake mume wetu alikwenda Mtoni kila alfajiri kumletea Wanu maziwa, yangali na povu na joto la ng'ombe. Mie nikaachiwa chai ya rangi.

"Huenda maradhi kayapata kwenye maziwa yasiyochemshwa," daktari akasema. "Nani mwengine kayanywa?"

"Hapana mtu," akajibu mume wetu. "Yalikuwa ya Wanu peke yake."

Wanu akanigeukia, akatabasamu kwa tabu. "Bi mkubwa, sema basi. Au kikombe changu kilikuwa kikijinywa nusu chenyewe?"