Kioo Kipya cha Nyuma

Fundi Kombo alikuwa anamalizia kubandika kioo kipya cha nyuma kwenye gari la Tunu, naye Tunu ameketi kwenye usukani, pale Shebe, mume aliyetengana naye, alipoingia gereji na nondo. Ndiyo ileile aliyovunjia kioo cha kwanza, siku Tunu alipokataa kumrudia.

"Shuka, twende nyumbani," Shebe alisema.

"Ndugu yangu, mwache dada wa watu," Kombo alimsihi.

Nondo ikamshukia begani. Mfupa ukalia, fundi akaanguka kando ya gari, akigaagaa juu ya vipande vya kioo cha zamani.

Tunu alifunga milango, akabonyeza kitufe cha kuwasha. Gari lile la petroli na umeme liliamka kimya, bila hata mtikisiko. Shebe hakusikia kitu. Akaenda kusimama nyuma, akainua nondo kwa mikono miwili huku akicheka.

Kupitia kioo kile kisicho na doa, Tunu alimwona vizuri kuliko miaka yote ya ndoa yao.

"Ondoka hapo, Shebe," alinong'ona.

Akaweka gia ya kurudi nyuma, akaondoa mguu kwenye breki.