Uji wa Saruji

Asubuhi ya kuanza kujenga ghorofa, fundi Mbwilo alimkuta mwenye nyumba, Bi Sikudhani, juu ya paa la zege, katikati ya nondo zilizochomoza kusubiri nguzo. Muuguzi huyo alikuwa amebakiza miaka minane kustaafu, na vyumba vya juu ndivyo vilivyotarajiwa kumlisha uzeeni.

"Saruji imefika?" fundi aliuliza.

"Mfuko mmoja tu. Nimechukua likizo bila malipo, miezi saba. Nataka kuzunguka."

"Kuzunguka wapi?"

"Popote basi na treni vinapofika."

Fundi alizitazama nondo. Alishaona nyumba nyingi zilizoishia hapo.

"Mama, si ungesubiri ustaafu? Chuma hiki kitaliwa na kutu."

"Koroga uji wa saruji, uzipake. Si ndivyo mnavyofanya ujenzi ukisimama?"

"Ndivyo. Uji huo unazikinga mwaka, mwaka na nusu."

"Mwaka unanitosha. Vyumba vya chini vina wapangaji. Nikirudi tutaendelea."

Fundi alikoroga saruji na maji kwenye ndoo, akaanza kupaka nondo ya kwanza kwa brashi, polepole, kama anayempa mtu nafasi ya kubadili mawazo.

Bi Sikudhani aliinama kuchukua begi lake. Goti likatoa mlio. Alilishika mpaka likatulia.

"Na hili, fundi, linapakwa nini?"

Mbwilo alichovya brashi kwenye ndoo. Alimsikia akishuka ngazi moja moja, akipumzika katikati, kisha geti likafungwa. Uji ulikuwa ukidondoka kwenye kiatu cha fundi, naye alikuwa bado hajafika nondo ya pili.