Mwenye Kosa Amepatikana

Walimwingiza mshtakiwa kwa mlango wa nyuma, kafunikwa shuka kuanzia juu mpaka chini, na msusi akaapa hatoki mle mahakamani mpaka amwone uso.

"Utamwona tu, shemeji," alisema mdogo wa mumewe, dereva wa lori aliyeacha safari ya siku nzima ili amsindikize. "Ila usimrukie. Tumekuja kushtaki, tusije tukashtakiwa sisi."

Msusi hakucheka. Miezi saba nyuma alifika kazini asubuhi akakuta tingatinga limepanda juu ya saluni yake. Viti chali, draya zimelala bapa kama soli za viatu. Mteja aliyemsuka nusu jana yake kasimama barabarani, kashika kichwa, hajui nusu ya pili ataenda kumaliziwa wapi.

Na vibali alikuwa navyo vyote. Amri ya kubomoa ilikuwa ya kiwanja namba kumi na sita, yeye yuko sitini na moja. Mtoto wa chekechea angeona. Lakini kila ofisi aliyoingia, mtu alinyoosha mikono juu. Wa tingatinga alisema yeye kaendesha tu. Aliyemtuma alisema yeye kaletewa karatasi tu. Mkurugenzi wa vibali alisema yeye kasaini tu. Yaani saluni imebomoka na mbomoaji hayupo, utadhani imejiangusha yenyewe kwa msongo wa mawazo.

Ndipo serikali ikachoka kusemwa, ikaleta sheria mpya: kila kosa la ofisi litafutiwe mwenyewe, asimame kizimbani, hata awe nani. Na fidia itatoka kwake aliyekosa, siyo kwa ofisi. Wiki tatu baadaye msusi akapigiwa simu kwamba mwenye kosa amepatikana. Alilia palepale kwenye simu. Kufika jioni alikuwa keshachagua rangi ya mlango mpya, maana bila hiyo fidia hakuwa na pa kuanzia tena.

Sasa kakaa safu ya mwisho, watu wamejaa mpaka madirishani. Shuka lilishatolewa, lakini kutoka kule nyuma alichoona kizimbani ni migongo ya askari wawili tu, mipana kama milango ya benki.

Hakimu akauliza mshtakiwa anakubali kosa au anakataa. Kimya. Akauliza tena. Kimya.

"Ana kiburi huyo," msusi akanong'ona.

"Kiburi wapi. Wakubwa hawasemi, shemeji. Wanasemewa."

Lakini hata wakili, kijana wa kupewa na serikali, alisema mteja wake hajamwambia neno tangu wajuane. Hakimu akaandika kwamba kunyamaza ni kukubali, kesi iendelee.

Mkurugenzi akapanda kutoa ushahidi, tai imemkaba mpaka macho yamemtoka. Akasema huyu wamefanya naye kazi miaka tisa na ofisi nzima ilimtegemea. Namba za viwanja alizijua yeye. Akisema kile kibomolewe, nani wa kumbishia? Likizo hajawahi kuomba. Rushwa hajala hata siku moja, na hapo watu wakaguna, maana mkurugenzi alilitamka hilo kama anaeleza ugonjwa.

Msaidizi wake akaongeza kwamba mwaka huu wa mwisho mwenzao alishachoka. Joto likizidi anaganda tu, hajibu, mpaka wampumzishe dakika mbili ndiyo arudi kazini. Namba akaanza kuzipindua. Waliandika barua aende akaangaliwe, barua haikujibiwa. Hakimu akauliza ni nani aliyeipokea. Msaidizi akamtazama mkurugenzi, mkurugenzi akatazama dari. Hakimu naye akatazama dari kidogo, kisha akasema swali hilo halihusiani na kesi.

Msusi akajikuta moyo unamlegea, na hakupenda. Miaka tisa bila likizo. "Masikini, kumbe alikuwa mgonjwa," alisema.

"Mgonjwa ndiyo akuvunjie saluni? Basi mimi nikipata mafua niingize lori sebuleni kwa mtu."

Wa mwisho alikuwa mama mfagizi wa ofisi ile. Alisema mshtakiwa hakuwahi kumsalimia, lakini hakuwahi kumtukana pia, na pale kazini wasiotukana mfagizi anawahesabu kwa kidole kimoja.

Hukumu haikuchelewa. Miaka mitano ndani, na saluni aijenge upya yeye mwenyewe, kwa nguvu zake, ofisi isiguswe. Watu wakapiga makofi. Mkurugenzi ndiye aliyepiga kuliko wote, nusura saa imchomoke mkononi.

Hakimu akauliza kama mlalamikaji ana la kusema. Msusi akasimama. Miezi saba alikuwa anapanga matusi, mengine kayapanga mpaka vina, na yote yakamkimbia.

"Mheshimiwa, sitaki mengi," alisema. "Anitazame, aniambie samahani. Basi."

Hakimu akaona hiyo ni haki yake. Watu wakampisha msusi njia, akatembea mpaka mbele kabisa, na askari wale wawili wakasogea pembeni. Karani wa mahakama akapiga magoti, akachomeka waya ukutani. Mshtakiwa akanguruma kidogo, akawaka, akamwomba msusi neno la siri.