Samaki Aliyelalia Ubavu

Samaki alikuwa amelalia ubavu ndani ya tangi la kioo, chini kabisa. Kila alipojaribu kupanda alibiringika, akazama tena.

Kunegunda, nesi mstaafu wa Ruhuwiko, hakujua lolote kuhusu samaki. Huyu mwekundu, mdogo kama kidole, wa madimbwi ya masika, alikuwa wa marehemu mumewe. Wenzake watano walikwisha kufa tangu mazishi. Ndani ya nyumba ile hapakubaki kiumbe kingine cha kusemesha.

Katika daftari la mumewe akakuta namba: Bakili, bwana samaki wa ofisi ya uvuvi. Akapiga, akaeleza shida yake. Upande wa pili sauti ya mwanaume ikauliza nyumba iko wapi, ikasema atafika Jumamosi.

Alifika kweli, mtu wa makamo. Akaamkia shikamoo, akachungulia tangi kwa muda mrefu. Akasema ni kifuko cha hewa cha tumboni. Kimevurugika, ndiyo maana haelei. Akatoa karatasi mfukoni, akasoma: asilishwe siku tatu, maji yapunguzwe yabaki kina cha shubiri, tangi lizungushiwe blanketi kwa baridi hii. Baadaye apewe viluwiluwi vya mbu, viwili vitatu tu.

Kila Jumamosi alirudi. Walikunywa chai kwa magimbi, macho kwenye tangi. Kunegunda alisimulia habari za mumewe, mgeni akasikiliza. Jumamosi ya nne samaki alipanda mpaka juu, akaogelea sawasawa. Walifurahi, lakini hakuna aliyesema kwamba sasa matibabu yamekwisha.

Wiki iliyofuata Kunegunda alibeba parachichi, akaenda ofisi ya uvuvi kushukuru. Dada wa mapokezi alimshangaa. Bwana Bakili alistaafu miaka mitatu iliyopita, akarudi kwao Mbamba Bay.

Jumamosi alimkaribisha mgeni kama kawaida. Alipokwisha kummiminia chai, akamuuliza yeye ni nani.

"Naitwa Kassimu, mama. Nashona viatu pale stendi. Dawa ya samaki niliulizia kwa watu, nikaiandika. Laini hii niliinunua mwaka jana, nadhani zamani ilikuwa ya huyo Bakili."

"Mbona hukuniambia nimekosea namba?"

Kassimu alikizungusha kikombe mezani.

"Siku ile ulipopiga, simu yangu ilikuwa haijaita tangu Idi."